Mwaka wa Kuikomboa Nabwire

Katika mazishi ya Anti Nabwire, huko Bunyala, mhubiri alisimama kando ya jeneza akasema marehemu alikuwa mke mtiifu, aliyemfuata mume wake bila kuuliza. Nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, kicheko kifupi kama chafya, na wanawake niliokaa nao mkekani wakanigeukia. Mjomba Wandera, mumewe, alikuwa ameketi karibu na kichwa cha jeneza, blanketi magotini, macho yameshaingia ukungu wa uzee. Akanitafuta katika umati, na aliponipata nikaona mabega yake yakitikisika. Waliokuwa karibu naye wakamshika mkono wakidhani analia. Mimi nilijua anacheka, na nilijua anacheka nini, kwa sababu kati ya wote waliokuwa chini ya turubai lile ni sisi wawili tu tuliobaki wa mwaka ule wa mashua.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimekuja Nairobi kujifunza cherehani, na nikapewa kitanda kwa Mjomba, Laini Saba, huko Kibera, upande wa pili wa reli. Ninapofunga macho leo, chumba kile kinakuja kwa harufu kabla ya kuja kwa umbo: mbao mbichi, gundi, mafuta ya taa, na samaki mkavu aliyening'inizwa juu ya jiko. Kuta zilikuwa za udongo uliobandikwa magazeti kwa uji wa unga, kwa hiyo nilikula chakula changu nikisoma hotuba za mawaziri zilizokatwa katikati. Mjomba alikuwa fundi wa vitanda. Mvua ikinyesha alihamia ndani na randa yake, na maranda yalituingia kila mahali, hata kwenye mboga ya mrenda. Tuliyatoa mdomoni kama watu wengine wanavyotoa miiba. Kitu kimoja tu hakikuguswa na vumbi. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na redio kubwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa. Kila asubuhi Mjomba alikiinua kitambaa, akaifuta redio, akaifunika tena. Sikuwahi kumwona akiiwasha. Siku moja nilipotaka kusikiliza taarabu nikanyoosha mkono, akaniambia kwa upole, kama anayemzuia mtoto asiguse maiti, "Hiyo wacha."

Anti hakuwepo, na mtoto wao Egesa alikuwa kwa nyanya yake, Bunyala. Niliambiwa yuko kwa dada yake, Kawangware 46, na sauti ya aliyeniambia ilinionya nisiendelee. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kutaka kujua. Mama yangu alisema nilizaliwa nimefungua jicho moja. Na katika nyumba za Laini Saba hakuna haja ya kuuliza sana, ukuta ukikaa kimya vya kutosha utakuambia. Upande wa pili wa ukuta wetu Mama Akinyi alikaanga mandazi na kuwauzia wanawake waliokuwa wakienda kazini. Asubuhi moja nikiwa nimelala bado nikasikia mteja akiuliza, "Na huyu fundi, bibi yake alienda wapi?"

"Kwani hujui? Alimuuza," Mama Akinyi akasema, mafuta yakichachatika.

"Alimuuza aje?"

"Akanunua redio. Chukua haya mandazi, yatakupoa mkononi ukishangaa."

Nilimbeba Mama Akinyi na maneno yake siku nzima darasani, nikashona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Jioni nikamkuta Mjomba nje akipiga randa, nikamuuliza waziwazi kama alimuuza Anti.

Hakusimamisha randa. "Nani amekuambia?"

"Ukuta."

"Ukuta una mdomo mkubwa. Sikumuuza yeye. Niliuza mashua."

Ndipo akanieleza. Alipofika mjini, kijana wa ziwani aliyekosa maji ya kutazama, aliligundua Bwawa la Nairobi pale chini ya Kibera, ambapo watu wenye pesa zao waliendesha vimashua vyeupe siku za mapumziko. Akaona haya kuwa mtu wa maji anayetazama maji kutoka ukingoni. Akaunda mashua ya mtindo wa kwao, mkuku wake, ule uti wa chini, wa mvule aliouokota kwenye nyumba iliyobomolewa, ubavu juu ya ubavu, akaipa jina la mkewe: Nabwire, aliyezaliwa usiku. Jumamosi walikwenda wote wawili, yeye akipiga kasia, Anti akitupa ndoano za kuvulia ngege. Baadaye kazi za vitanda zikawa nyingi na mashua ikalala kando ya nyumba, mbwa wakazalia ndani. Anti alipokwenda nyumbani kuvuna, muuza maji mmoja wa Kawangware akaja akiitamani awekee maji yake, na alikuwa na redio. Mjomba akawaza jinsi mkewe atakavyofurahi. Anti akarudi, akasikia muziki kutoka mlangoni, akauliza redio imetoka wapi, akaambiwa. Hakuweka mzigo wake chini. Aligeuka nao vilevile kichwani.

"Kosa langu ni jina," Mjomba akasema. Sasa alikuwa amesimama. "Kwetu mashua hubeba jina la mama wa nyumba. Ukitaka kuiuza, kwanza unaliparuza hilo jina kwa randa, maranda yake unayachoma kwenye jiko la mwenyewe. Halafu inakuwa mbao tu, unauza. Mimi niliharakisha. Nikaiuza na jina lake. Hiyo ni kama kumwambia mwenye jina aifuate."

"Anti amesema hivyo?"

"Si lazima aseme. Hiyo ni mila, inajulikana. Nitaikomboa, nitaitengeneza, nitaishusha majini naye ameketi ndani. Atarudi."

Nilimwamini. Leo najua kwamba mtu aliyekosa hutafuta kosa lenye dawa inayojulikana, akaliungama hilo, akaliacha lile jingine lililo karibu nalo. Lakini wakati ule niliona jambo zuri kama hadithi: mwanamke aliyefungwa ndani ya mbao, na mume anayekwenda kumtoa.

Muuza maji hakuwa nayo tena. Mfereji wa maji ulikuwa umefika kwenye mtaa wake na biashara ikafa. Alituambia mashua imechukuliwa na kanisa moja la Wakamba, nyuma ya zizi la ng'ombe. Mjomba hakutaka kwenda kienyeji. Alisema mtu hakomboi jina kama anayenunua sukuma wiki. Akatafuta wazee wawili wa kwetu, wakavaa makoti, mmoja wao Mzee Okumu ambaye ndiye aliyesema kwenye posa zote za watu wa Bunyala waliokuwa Nairobi, na mimi nikachukuliwa nibebe chai na sukari za heshima. Kawangware ya siku hizo ilikuwa nusu mji nusu shamba. Ulipita kati ya vyumba vya mabati, ukipinda kona unakutana na migomba na ndama. Kanisa lilikuwa banda la mbao, na uani, chini ya kivuli cha mabati, ndiyo hiyo: imeegemezwa mawe pande zote mbili, imejaa maji hadi karibu na ukingo, na ngazi ndogo ya matofali ya kupandia. Walikuwa wanabatizia watu ndani yake.

Nilimtazama Mjomba. Alivua kofia. Akaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akaupapasisha kwenye mbao kutoka nyuma hadi mbele, taratibu, macho amefumba.

Mkubwa wa kanisa, Mzee Mutiso, fundi wa mawe kutoka upande wa Machakos, alitukaribisha kwenye benchi lililoyumba. Mzee Okumu akakohoa, akaanza kutokea mbali. "Tumekuja kwa amani. Tuna mtoto wetu alipotea, tumesikia mlimwokota, mkamtunza vizuri. Tunashukuru."

"Mtoto gani?" Mutiso akauliza.

"Wa kike."

"Ana umri gani?"

"Si mkubwa sana. Ana tumbo pana, na mgongo ulionyooka."

Mutiso akageuka kumwangalia mkewe aliyekuwa akichambua maharagwe, kisha akatugeukia. "Mzee, kanisani kwangu wako wengi wa hivyo, na kila mmoja ana mume. Kama mmekuja juu ya boti, sema boti."

"Ni boti," Mjomba akasema.

"Haya. Kumbe ni kitu rahisi mnakipitisha Kisumu." Mutiso akacheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini hapana. Hapo ndani watu wamezaliwa mara ya pili. Nitawaambia nini? Mahali pa kuzaliwa kwenu pamekwenda kuvua samaki?"

Mjomba akamwambia kuna redio. Mutiso akasema redio haiwezi kumlowesha mtu. Mzee Okumu akasema hata kwetu mtoto aliyelelewa na wengine hurudishwa kwa shukrani, na shukrani haina ukubwa. Wakazunguka hivyo mpaka chai ikaisha, na mwishowe wakafika mahali ambapo mafundi wawili hufika bila kujua nani aliongoza njia: Mutiso atajenga birika la saruji kwa mikono yake, alikuwa akilitamani muda mrefu, na Mjomba atalipa kanisa mabenchi yasiyoyumba, ya kutosha banda zima.

"Kitu kimoja," Mjomba akasema. "Maji haya. Mnabatiza kila siku?"

"Mara moja moja tu. Lakini kuna dada wa kanisa hujaza kila yakipungua. Tunamwambia dada, maji ni ya kununua, unapoteza. Hasikii. Anasema boti ikikauka itapasuka, ife." Mutiso akakuna kidevu. "Kweli, huyo muulize kwanza kabla hatujapeana mikono. Ni kama boti iko chini yake."

"Wewe ndiwe mkubwa hapa," Mjomba akasema. "Tukikubaliana mimi na wewe, nani atakataa?"

Wakapeana mikono. Na hapo ndipo nilipoona kwamba kuna mtu amesimama langoni, debe la maji kichwani, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa Anti. Sijui alikuwa pale tangu lini. Akaja moja kwa moja, akapanda ngazi ya matofali, akalimimina lile debe ndani ya mashua polepole, bila kurusha tone, sote tukisikiliza maji yakiingia kwenye maji.

"Mmemaliza?" akamuuliza Mutiso.

"Dada Nabwire, huyu fundi anasema..."

"Namjua. Tuliwahi kusalimiana." Akanigusa shavu kwa mkono wake wa baridi, akalichukua debe lake, akaondoka.

Njiani kurudi Mjomba alitembea kama kijana. Alitukariria mara kwa mara. "Si nilisema? Alifuata jina lake. Aliacha kanisa lake la Katoliki akaenda kukaa karibu na jina." Wazee walikubali, wakasema mila ni mila. Mimi niliyebeba birika tupu nilikuwa nimemwona Anti usoni mara baada ya kile "nani atakataa", nikanyamaza, maana nilikuwa mgeni mjini na sikujua bado kama nilichokiona kina jina.

Mvua za masika ziliishia kwenye mabenchi. Tulikula juu ya mabenchi, tukalala tumezungukwa na miguu ya mabenchi. Yalipokamilika, mashua ikamwagwa maji, na watu wa Mutiso wakaisindikiza kwa kuimba hadi Dagoretti Corner, wengine wakiishika ubavu kama wanaoaga mgonjwa. Mkokoteni ulikuwa mfupi kuliko mzigo, mashua ilitokeza mbele na nyuma, na kila aliyepita kwenye Barabara ya Ngong alikuwa na neno. "Gharika ni lini?" akauliza kondakta mmoja. Mjomba akamjibu kwamba majina ya watakaopanda yameshajaa.

Ilipogeuzwa kifudifudi kando ya reli, tuliona ukweli wake. Ndani maji yalikuwa yameitunza, lakini mawe ya Mutiso yalikuwa yameula mkuku, na mbao mbili za chini zilibonyea kwa kidole. Jina tu lilikuwa zima, herufi za rangi nyekundu karibu na omo, kule mbele, zimefifia kama kovu la utotoni. Mjomba akaacha vitanda. Alizing'oa mbao kwa subira iliyonishangaza, akazitumia zilizooza kama ruwaza ya kupimia mpya. Mimi nilipewa kazi ya nyufa. Nilisokota pamba na mabaki ya vitambaa kutoka darasani kuwa kamba nyembamba, yeye akazisindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kisha lami ya moto juu yake. Kazi hiyo ina sauti yake: ufa ukiwa wazi nyundo inalia tak, ukishajaa inalia du, nzito, kama mtu aliyeshiba akigongwa tumbo. Nilijifunza kuisikiliza. Nimeshona magauni ya maharusi tangu wakati ule, lakini sijawahi tena kufanya kazi inayokuambia kwa sauti yake kwamba imetosha.

Kila Jumapili Anti alikuja. Baada ya ibada alitembea kutoka Kawangware, na hakuingia nyumbani. Alisimama ng'ambo ya reli na viazi vyake vya kuchemsha ndani ya kitambaa, akala akiwa amesimama, akatazama. Mjomba alijifanya hamwoni na akapiga nyundo kwa mapambo. Mara nyingine sauti ya Anti ilivuka reli: "Hiyo mbao ya tatu imepinda." Anti akishaondoka, Mjomba aliipima mbao ya tatu, akaikuta kweli imepinda. Jumapili iliyofuata Anti aliikuta imebadilishwa, akaendelea kutafuna viazi vyake. Mama Akinyi alitoa kiti nje kila Jumapili kuja kuangalia, akasema ni bora kuliko sinema.

Mara moja nilimsindikiza Anti, nikamuuliza alichokuwa akikitaka. Nilidhani atasema jina.

"Jina gani?" Alicheka. "Mtoto wangu, wanawake wanaoitwa Nabwire wamejaa Busia nzima. Mjomba wako akikosea anatafuta mila kubwa ajifiche nyuma yake. Mashua ile tuliipanda pamoja. Minyoo ya kuvulia nilikuwa nachimba mimi. Akaamka siku moja akaitoa, na nilikuwa mbali kwa basi la siku moja tu. Hata redio, angeuliza tu, pengine ningesema chukua, naipenda redio." Tulitembea kidogo. "Sasa ameikomboa. Alimuuliza nani?"

"Lakini ulikuwa unaijazia maji."

"Mbao nzuri haina kosa," akasema.

Sikumpelekea Mjomba maneno yale. Nilijaribu, nilifungua mdomo nikiwa nasokota pamba, nikaona anavyoipaka rangi ile herufi ya mwisho, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa shule, nikaufunga. Kuna mambo ambayo mtu wa tatu akiyasema yanaharibika.

Siku ya kuishusha ilikuwa Jumapili ya jua, mchana mweupe. Bwawa lile leo limezibwa na magugu kiasi kwamba mbuzi hutembea juu yake, na mtoto ukimwambia hapa palikuwa na matanga atakuangalia kwa huruma. Siku ile lilikuwa maji ya kweli, na ng'ambo vile vimashua vyeupe vilikuwa vikienda na kurudi. Upande wetu walisimama Mzee Okumu na koti lake, Mutiso na kwaya, Mama Akinyi na kapu la mandazi ya kuuza. Mimi nilikuwa nimetoka na sufuria ya ngege wa nazi, maana nilifikiri watu wakila pamoja ukingoni mambo yatajisuluhisha. Mashua ililala nusu kwenye matope, nusu majini, imeng'aa lami. Anti alifika, akaizunguka mara moja, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akapanda, akaketi katikati, kwenye ubao wake. Watu wakapiga vigelegele. Mjomba akaingia majini mpaka magotini, akaweka mikono kwenye omo na kuinamisha mgongo.

"Baba Egesa," Anti akasema. "Ngoja. Niulize."

Mjomba akainua kichwa. "Nikuulize nini?"

Anti alishika ukingo wa mashua. Alikuwa akiangalia maji mbele yake.

Kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Nilimtazama Mjomba akitafuta. Aliliangalia jina, kana kwamba jibu limeandikwa pale. Akamwangalia Mzee Okumu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na methali. Matope yalikuwa yakimeza miguu ya Mjomba taratibu. Na ndipo uso wake ukabadilika, si kwa haraka, kama chumba kinavyobadilika dirisha likifunguliwa. Akaondoa mikono yote miwili kwenye mashua.

"Mama Egesa," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, "tuishushe sasa, ama tungoje?"

Anti akaangalia juu, akaangalia ng'ambo kwenye matanga. "Tungoje," akasema.

Basi tukangoja. Mwanzoni watu walicheka, kisha wakachoka kucheka. Mzee Okumu akasema jambo hili halijawahi kuonekana, akaenda kuketi kivulini. Mutiso akasema wokovu nao hungojewa, akanunua mandazi. Mama Akinyi akamaliza kapu lake lote. Kivuli cha mashua kikahama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Mjomba akabaki pale majini, mikono imening'inia, bila kuuliza tena na bila kusema lolote juu ya jua. Anti alikuwa amekunja leso magotini. Sidhani alikuwa anamwadhibu. Nilivyomwona, alikuwa anaonja kitu, na hakutaka kukimeza upesi.

"Haya," akasema hatimaye. "Sukuma."

Mashua ikateleza ikaelea, ikajitikisa kidogo, ikatulia. Haikuwa imefika mbali Anti alipoinama kutazama miguuni mwake. "Inavuja."

"Wapi?"

"Njoo uone."

Mjomba akajivuta ndani na suruali yake inayochuruzika, mashua ikainama upande, wakapiga magoti wote wawili wakitafuta ufa, vichwa vimekaribiana, wakibishana ni ubao gani. Hakuna aliyekuwa na kasia. Lilikuwa bado ukingoni. Upepo ukaanza kuwapeleka. Niliwapigia kelele kwamba chakula kinapoa.

Anti akainua kichwa, kopo la kuchotea maji mkononi. "Nekesa! Hiyo sufuria irudishe Laini Saba," akasema. "Tutakula nyumbani."

Nikafunga kata ya leso, nikajitwisha sufuria, bado ina moto, nikapanda kilima bila kungoja kuona kama wanazama.